Moto wa Tanuri la Matofali: Kuni Chache, Moshi Kidogo, Watoto Salama

Walengwa: akina mama na walezi wote. Muda: dakika 20 hivi.

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku ukisikiliza. Kama una mtoto mgongoni, mshushe umpakate kidogo, kwa maana mazungumzo ya leo yanamhusu yeye hasa.

Leo tutazungumza juu ya tanuri la matofali. Najua kuna mtu anauliza, "Matofali na afya vinahusiana vipi? Hayo si mambo ya fundi?" Swali hilo ni zuri. Katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya, kama vile Kakamega, Vihiga, Busia, Siaya na Kisii, matofali huchomwa shambani au nyuma ya boma. Mvua ikipungua, watu huchimba udongo, hufinyanga, huanika, kisha hupanga tanuri na kulitia moto. Wengine wanajenga nyumba zao. Wengine wanauza ili wapate karo ya watoto. Ni kazi halali na inalisha jamaa nyingi.

Lakini mama, kumbuka jambo moja. Moto wa jikoni kwako huwaka saa chache, kisha huzima. Moto wa tanuri huwaka usiku na mchana, siku kadhaa mfululizo, tena kwa joto kali sana. Huenda huo ndio moto mkubwa kuliko wote utakaowaka karibu na watoto wako mwaka mzima. Ukiujua unavyofanya kazi, utaokoa kuni na pesa, na utalinda kifua cha mtoto wako. Tutaona kwamba mambo haya ni kitu kimoja.

Kwa nini tofali huchomwa?

Chukua tofali lililokaushwa kwa jua tu. Litumbukize ndani ya ndoo ya maji. Baada ya muda litalainika na kuwa tope tena. Sasa chukua tofali lililochomwa vizuri na ufanye vivyo hivyo. Litanywa maji, lakini halitayeyuka. Ni kwa nini? Ni kwa sababu joto limeubadilisha udongo wenyewe.

Mabadiliko hayo huja kwa hatua. Hatua ya kwanza ni kutoa unyevu uliobaki ndani ya tofali baada ya kuanikwa. Hii huwa karibu na nyuzijoto 100, kama maji yanapochemka kwenye sufuria yako. Hatua ya pili, kati ya nyuzijoto 450 na 600 hivi, ni kutoa maji mengine yaliyofungamana na udongo wenyewe, ambayo jua haliwezi kuyatoa hata uanike mwaka mzima. Maji hayo yakishatoka, udongo haurudi tena kuwa tope. Hatua ya tatu ni pale chembechembe za udongo zinapoanza kushikana kama zimegandishwa kwa gundi. Kwa udongo mwingi hatua hii hutaka nyuzijoto 900 hadi 1,000, na wakati mwingine zaidi.

Ili upate picha, mkate huokwa kwenye joto la nyuzijoto 200 hivi. Tanuri la matofali basi ni kali mara 4 au 5 ya tanuri la mkate. Fundi mzoefu hana kipimo cha kisasa, lakini huchungulia ndani usiku na kutazama rangi. Tofali likiwa jekundu lililofifia, joto bado halijatosha. Likianza kung'aa rangi ya chungwa, hapo anajua kazi inakaribia kwisha.

Joto hilo lote linatoka wapi, mama? Linatoka kwa kuni. Na kuni hizo mara nyingi hukatwa, hubebwa na hupasuliwa na wewe na watoto wako.

Maji ndiyo yanayokula kuni

Hebu twende jikoni kidogo. Weka lita moja ya maji kwenye sufuria na uinjike jikoni. Baada ya dakika chache yanachemka. Sasa usiyatoe. Yaache yachemke mpaka yote yaishe na sufuria ibaki kavu. Utangoja sana, sivyo? Kuni zitakwisha na utaongeza nyingine. Kuyageuza maji yote kuwa mvuke huhitaji joto zaidi ya mara 6 ya lile lililohitajika kuyafikisha kwenye kuchemka.

Basi hivyo ndivyo ilivyo ndani ya tanuri. Tofali likiingia na maji, sharti moto uyachemshe kwanza mpaka yaishe, ndipo uanze kuliivisha. Kuni zote zilizotumika kuchemsha maji hayo hazikuivisha tofali hata moja.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme umepanga tanuri la matofali 4,000. Kwa nje yanaonekana makavu, lakini ndani ya kila moja mna robo lita ya maji. Robo lita mara 4,000 ni lita 1,000. Hiyo ni mitungi 50 ya lita 20! Je, wewe ungekubali kupika mitungi 50 ya maji mpaka ikauke, bila kupata hata kikombe cha chai?

Kilo moja ya kuni kavu, kama joto lake lote lingetumika bila chochote kupotea, ingeweza kugeuza takriban lita 6 za maji kuwa mvuke. Kwa hiyo lita 1,000 zitataka karibu kilo 170 za kuni. Ukibeba kilo 25 kichwani kila safari, hiyo ni mizigo 7. Na kwa kuwa tanuri letu hupoteza sehemu kubwa ya joto lake, mizigo halisi itakuwa mingi kuliko hiyo.

Jua lingefanya kazi hiyo bure. Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni huu: kausha matofali sawasawa kabla ya kuyachoma. Siku za kwanza yafunike kwa nyasi ili yasipasuke kwa jua kali. Kisha yasimamishe kwa ubavu na uyapange kwa nafasi ili upepo upite katikati. Mvua ikitisha, yafunike kwa karatasi ya nailoni. Kwa kawaida huchukua wiki 2 hadi 3, na wakati wa mawingu huzidi hapo.

Utajuaje kwamba yamekauka? Vunja moja na utazame katikati. Kama ndani pana rangi nzito kuliko nje, bado lina maji. Unaweza pia kuliweka shavuni. Likiwa baridi kama ukuta wa mtungi wa maji, bado. Kama kuna mizani sokoni, pima tofali hilohilo moja siku 2 au 3 mfululizo. Uzito ukiacha kupungua, limekauka.

Kuna faida nyingine. Tofali bichi likipigwa na moto mkali ghafla, maji ya ndani hugeuka mvuke na kulipasua. Ndiyo maana fundi mzuri huanza na moto mdogo siku ya kwanza. Haraka haraka haina baraka. Ukiona moshi mweupe mzito unafuka juu ya tanuri, mwingi wake ni mvuke. Usiongeze moto mkubwa mpaka upungue.

Joto linapotelea wapi?

Matofali yakishakauka, bado kuna njia nyingine joto linapotoroka.

Njia ya kwanza ni ubavuni na juu. Tanuri lisilopakwa tope ni kama nyumba yenye milango wazi usiku wa baridi. Likande kwa tope zito pande zote na uzibe nyufa zote kila zinapotokea. Upande unaopigwa na upepo, weka kizuizi cha mabati au nyasi.

Njia ya pili ni ukubwa wa tanuri. Tanuri dogo lina ubavu mwingi ukilinganisha na matofali yaliyomo, kwa hiyo hupoteza joto zaidi kwa kila tofali. Kama wewe una matofali 2,000 na jirani yako ana 3,000, chomeni pamoja. Kikundi cha akina mama kinaweza kupanga zamu kama mnavyofanya katika chama: tanuri moja, moto mmoja, mgawane kuni na mgawane ulinzi wa watoto.

Njia ya tatu ni kuni mbichi. Mkaratusi uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Ukiutia motoni, kwanza utajikausha wenyewe, ndipo uwashe. Kata kuni mapema, zipasue, uzipange chini ya paa kwa miezi kadhaa. Kuni kavu zina mwali mrefu na moshi mdogo.

Njia ya nne ni hewa. Moto unahitaji hewa ili uwake. Ukijaza kuni mpaka mdomo wa tanuri ufungike, zitafuka moshi bila mwali. Ukiacha midomo wazi kabisa bila kuni, hewa baridi itaingia na kubeba joto kwenda nalo nje. Lisha moto kidogo kidogo na mara kwa mara.

Kuna pia mbinu ya kuchanganya udongo na vumbi la mbao kutoka kwa seremala, makapi ya mpunga, au maganda ya kahawa, kabla ya kufinyanga. Yakifika kwenye joto kali, makapi hayo huungua ndani ya tofali lenyewe, na joto lake hutumika papo hapo. Usizidishe, maana tofali litakuwa na matundu mengi na kudhoofika. Jaribu kwa matofali machache kwanza.

Nchi nyingine zimeenda mbele zaidi. Mnamo 1858, Mjerumani Friedrich Hoffmann alipata hataza ya tanuri la mzunguko. Ndani yake moto huhama kutoka chumba hadi chumba. Hewa inayoingia hupita kwanza kwenye matofali yaliyoiva yanayopoa, ikapata joto, na moshi unaotoka hukausha matofali yanayongoja zamu. Kwa tanuri letu la shambani, joto hilo lote huenda angani. Sisemi ujenge tanuri la Hoffmann nyuma ya boma lako. Nasema ujue kwamba joto ni mali, na kila mahali linapotoroka panaweza kuzibwa kidogo.

Moshi ni kuni ulizozitupa

Sasa tufike kwenye kifua cha mtoto. Moshi mweusi ni nini? Ni sehemu ya kuni ambayo haikuungua. Umeinunua au umeibeba, kisha umeitupa angani bila kukupa joto. Kwa hiyo tanuri lenye moshi mwingi ni hasara mara mbili. Linakula kuni zako, na linaingia mapafuni mwa watu wako.

Chembe za moshi ni ndogo sana. Hazizuiliwi na puani wala kooni. Hufika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba moshi wa kupikia nyumbani huongeza karibu maradufu hatari ya nimonia kwa watoto wa chini ya miaka 5. Moshi wa tanuri ni wa kuni zilezile, na ni mwingi kuliko wa jikoni. Kwa mama mjamzito, moshi unaweza kusababisha mtoto azaliwe na uzito mdogo.

Najua hali ilivyo, mama. Unalisha moto huku mtoto akiwa mgongoni, kwa sababu hakuna wa kumwachia. Lakini hapo mgongoni pua yake iko katika moshi uleule unaokuliza machozi, na yeye hupumua haraka kuliko wewe. Mpangie zamu na nyanya yake, au na mwenzako wa kikundi. Mmoja alishe moto, mwingine akae na watoto mbali, upande ambao upepo unatokea. Mama mjamzito asipewe zamu ya moto kabisa.

Tena jenga tanuri mbali na nyumba, mahali ambapo upepo wa kawaida haupelekei moshi vyumbani wala shuleni. Na usitie motoni matairi, plastiki, viatu vya zamani, oili chafu ya magari, wala mbao zilizopakwa rangi au dawa. Vitu hivyo huwaka kwa nguvu, ni kweli, lakini moshi wake una sumu ambazo kuni za kawaida hazina.

Mtoto akianza kukohoa wakati wa uchomaji, usiseme tu, "Ni moshi, utapita." Mtazame kifua akiwa ametulia, na uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima:

- Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi ni hatari.
- Mtoto wa miezi 2 hadi 12: pumzi 50 au zaidi ni hatari.
- Mtoto wa mwaka 1 hadi 5: pumzi 40 au zaidi ni hatari.

Ukiona pumzi za haraka namna hiyo, mpeleke kwenye zahanati siku hiyohiyo. Kama kifua kinabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au ana degedege, au amelegea na haamki vizuri, usingoje hata kidogo. Nenda hospitali mara moja.

Gesi usiyoiona

Moshi unauona na unakimbia. Lakini kuna kitu kingine ambacho hakina rangi, hakina harufu, wala hakiwashi macho. Ni gesi iitwayo kaboni monoksidi. Hutokea pale kuni au makaa yanapoungua bila hewa ya kutosha.

Hapa sikiliza kwa makini. Nimekwambia uzibe nyufa ili joto lisitoroke. Na fundi, moto ukishakolea na matofali yakiwa yameiva, huziba midomo ya tanuri ili yapoe polepole. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini makaa yaliyobaki ndani sasa hayana hewa, kwa hiyo hutoa gesi hii kwa wingi. Tanuri linaonekana limetulia. Hakuna mwali, hakuna moshi wa kutisha, na joto lake ni tamu usiku wa baridi. Ndipo kijana anayelinda tanuri anapotandika gunia pembeni na kulala.

Gesi hii ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inakuwa kama matatu iliyojaa abiria wasiotaka kushuka. Oksijeni haipati nafasi. Mtu huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na udhaifu. Aliye macho anaweza kujua kwamba kuna jambo. Aliyelala haamki. Watoto na mimba huathirika upesi zaidi.

Kwa hiyo, mama, waambie wa nyumbani kwako:

- Mtu asilale kando ya tanuri, hata kama kunanyesha. Mlinzi akae upande ambao upepo unatokea, mahali wazi, na wawe wawili ili waamshane.
- Usijenge kibanda cha kulala kinachoegemea tanuri.
- Usibebe makaa ya tanuri kuyaingiza chumbani kwa ajili ya joto. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya wengi.

Ukimkuta mtu amelegea karibu na tanuri, au watu kadhaa wanaumwa kichwa kwa pamoja, watoe haraka mpaka penye hewa safi. Wakimbize hospitali hata kama wanasema wamepata nafuu, na umweleze daktari kwamba walikuwa karibu na tanuri. Usipomwambia, anaweza kudhani ni malaria.

Majivu yasiyozima

Moto ukishazimwa, tanuri hubaki na joto kwa siku nyingi. Tofali la nje unaweza kuligusa, lakini la katikati linaweza kuunguza mkono. Majivu mdomoni yanaonekana meupe na baridi, kumbe chini yake mna makaa. Mtoto anayetembea pekupeku hajui hayo.

Zungushia tanuri ua wa miti na kamba, hatua 10 kutoka kila upande, tangu siku ya kuwasha hadi siku ya kubomoa. Mweleze mtoto kwamba ndani ya kamba haingii mtu mdogo. Usiruhusu watoto wapande juu ya tanuri, wala wachome mahindi na viazi kwenye midomo yake. Najua ni jambo la furaha kwao. Wachomee wewe kwenye jiko.

Na kijana wa shule je? Wazazi wengine humpa zamu ya usiku kwa kuwa kesho yake ni Jumamosi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inakataza mtoto, yaani yeyote wa chini ya miaka 18, kufanya kazi inayohatarisha afya yake. Kulisha moto wa nyuzijoto 1,000 usiku ni kazi ya namna hiyo.

Mtu akiungua, fanya hivi. Mwondoe kwenye moto. Mvue nguo na vitu kama bangili karibu na jeraha, ila kilichogandamana na ngozi usikivute. Mimina maji safi ya baridi juu ya jeraha kwa dakika 20. Usitumie barafu. Mtoto mfunike sehemu nyingine ya mwili ili asipate baridi. Kisha funika jeraha kwa kitambaa safi, kama leso iliyofuliwa. Usipake dawa ya meno, samli, yai, majivu wala asali. Usitumbue malengelenge. Kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au liko usoni, mkononi, mguuni, kwenye kiungo au sehemu za siri, mpeleke hospitali bila kuchelewa. Uliza pia juu ya chanjo ya pepopunda.

Kabla sijasahau, kuna shimo ulikochimba udongo. Mvua ikinyesha litajaa maji. Mbu wa malaria watazaliana humo, na mtoto anaweza kutumbukia. Lifukie kwa matofali yaliyovunjika na udongo uliobaki, au ulichimbie mfereji maji yatoke.

Je, lazima tuchome?

Si lazima kila mara. Kuna matofali yanayotengenezwa kwa udongo uliochanganywa na simiti kidogo, kisha kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayaingii tanurini. Hunyunyiziwa maji na kufunikwa kwa wiki kadhaa mpaka yakomae, kisha hujengwa. Mengine yana umbo la kushikana, hivyo hupunguza simiti ya kuungia. Simiti ina gharama yake, na si kila udongo unafaa. Lakini vikundi vinaweza kukodi mashine pamoja. Kabla ya kukata miti ya boma, keti na mzee wa nyumba mpige hesabu: bei ya kuni, siku za kazi, matofali yanayopasuka, na gharama ya hospitali. Kisha linganisheni.

Mambo ya kukumbuka

1. Kausha matofali mpaka ndani. Maji ndiyo yanayokula kuni.
2. Tumia kuni kavu, lisha moto kidogo kidogo, kanda tanuri kwa tope, na mchome kwa pamoja.
3. Mtoto mchanga na mama mjamzito wakae mbali na moshi.
4. Usichome matairi wala plastiki.
5. Mtu asilale kando ya tanuri, hasa likishazibwa.
6. Weka kamba hatua 10, na usiiondoe mpaka tanuri lipoe kabisa.
7. Hesabu pumzi za mtoto anayekohoa.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika kijiji chetu, matofali hukaushwa kwa siku ngapi kabla ya kuchomwa? Je, zinatosha?
2. Nani hulinda tanuri usiku, na hulala wapi?
3. Tunaweza kupanga zamu gani ili watoto wasiwe karibu na moto?
4. Kutoka hapa hadi hospitali iliyo karibu usiku, tutatumia usafiri gani?

Mama mpendwa, safari ijayo utakapoona moshi ukifuka kutoka tanuri la jirani, usipite tu. Mtembelee, mvunje tofali moja pamoja, mtazame katikati. Kama bado lina rangi ya maji, mshauri angoje wiki moja tena. Atakushukuru kwa kuni alizookoa, na watoto wake watapumua vizuri zaidi. Kinga ni bora kuliko tiba.

Kwa leo tuishie hapo. Kama una swali, muulize mhudumu wa afya wa kijiji chako au muuguzi wa zahanati. Kwaheri ya kuonana, na usiku mwema.